Namba 14 zote tatu

Kwa muda mrefu kompyuta inabaki imefungwa. Fundi ametandaza mezani kadi ya kliniki ya mtoto, fomu ya ripoti ya mwezi, na kurasa kadhaa za daftari la mazoezi alilolipiga mistari kwa mkono wake, akifuata Kitabu cha 7 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kile wanamoandikwa watoto wanaoletwa kliniki. Ana rula, penseli na kalamu nyekundu. Anaisoma ile fomu kama mtu anayesoma mkataba wa kiwanja, na kila akifika kwenye kisanduku anaandika herufi moja pembeni. W ni kitu ambacho wizara inaweza kukibadilisha. M ni kitu kinachofuata mipaka ya mahali. V ni kitu ambacho viongozi wanaweza kuamka siku moja wakataka kukijua kwa namna nyingine. Visanduku vingine anavipita bila kuviwekea chochote.

"Kabla hujaandika hata mstari," anawaambia vijana wawili waliokaa naye, "ujue kipi kitahama."

Tuko Kimamba, wilayani Kilosa, mji mdogo wa mkonge ulioota kandokando ya Reli ya Kati. Fundi ni mzaliwa wa hapa. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi, na sasa anaandika programu za wateja ambao wengi wao hajawahi kuonana nao uso kwa uso. Vijana wanamwita dada, hata yule anayeonekana kulingana naye kwa umri. Kazi ya leo anaifanya kwa ajili yao: programu moja ndogo ya kusoma daftari la chanjo na kutoa ripoti ya mwezi, ataiandika mara tatu kwa mitindo mitatu. Majina yote ya watoto ameyatunga. Taarifa za kweli za wagonjwa hazikai mezani kwa mtu, na kwa hilo hana mjadala.

Mitindo hii mitatu, yaani wa hatua, wa objekti na wa funksheni, ina mashabiki wake, na ubishi wao hauishi. Kila upande husema programu zake ndizo rahisi kubadilisha mambo yanapogeuka. Nimesoma hoja nyingi za namna hiyo na nyingi zinafanana, maana mwenye hoja huchagua mfano unaompendelea. Hapa mfano haukuchaguliwa kumpendelea mtu. Fomu imekuja na mambo yake yenyewe.

Anaanza na mtindo wa hatua, ambao kila anayejifunza huanza nao. Lugha ni Python. Lakini hata baada ya kufungua kompyuta hagusi programu yenyewe, anaandika jaribio kwanza. Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Machi anatimiza wiki 6 lini? Anasimama, anakwenda kwenye kalenda ya ukutani, anahesabu kwa kidole wiki baada ya wiki, anafika tarehe 12 Aprili, anarudi kukaa. Tarehe hiyo ndiyo anayoiandika kwenye jaribio. Kijana mmoja anamuuliza kwa nini asiiachie kompyuta ihesabu. Anamjibu kwamba ukiiuliza kompyuta swali ambalo jibu lake hulijui, huna namna ya kujua kama imekudanganya.

Kisha anaandika. Fungua faili, soma mstari, tenganisha safu, angalia tarehe, ongeza moja kwenye hesabu, nenda mstari unaofuata. Funksheni anazipa majina ya Kiswahili: soma_daftari, hesabu_penta, andika_ripoti. Mkono wake hauna haraka. Anaandika mistari mitatu au minne, anaendesha majaribio, anasubiri yageuke kijani, ndipo anaendelea. Programu nzima inaenea kwenye skrini moja na nusu, na mtu anaweza kuisoma kutoka juu hadi chini kama anavyosoma maelekezo ya mapishi yaliyoandikwa na mtu makini. Hili ni jambo la kuheshimiwa. Watu wanaodharau mtindo wa hatua husahau kwamba ndio unaoeleweka na mgeni kwa haraka kuliko yote.

Halafu anauleta mwaka 2018. Mwaka huo Tanzania ilianza kutoa nchi nzima chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ikilenga wasichana wa miaka 14 kwa dozi mbili. Fundi anaiongeza kwenye programu yake kwa mistari michache. Kisha anauleta mwaka 2024, ambapo utaratibu ulibadilika: dozi ikawa moja, na walengwa wakawa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hapo anasogeza kiti na kumpa kijana mmoja kibodi.

Kijana anafanya ambalo wengi wetu tungefanya. Anatafuta 14 kwenye faili, na skrini inawaka sehemu nyingi. Anaanza kubadilisha moja moja. Anapoendesha majaribio, la Penta, chanjo yenye kinga tano kwa pamoja, linageuka jekundu. Fundi hamkemei. Anachukua kalamu nyekundu na kumwonyesha kwenye karatasi: kuna 14 ambayo ni wiki, kwa kuwa Penta hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kuna 14 ambayo ni miaka ya msichana wa HPV. Na kuna 14 ya tatu ambayo haina uhusiano wowote na umri, ni safu ya 14 ya lile daftari lake la mazoezi, anamoandika tarehe ya chanjo ya surua. Kompyuta inaziona zote kuwa namba ileile. Mwandishi alijua tofauti yake siku alipoandika, na ujuzi huo ulibaki kichwani mwake.

Hatua ya kwanza ya tiba ni kuzipa majina. Anaandika WIKI_YA_PENTA_3, UMRI_WA_JUU_HPV, SAFU_YA_SURUA, na kila mahali penye 14 tupu anaweka jina linalostahili. Kazi hii inachosha kuitazama. Anaifanya bila kuruka hata sehemu moja, na kila akibadilisha moja anaendesha majaribio upya. Programu inayotoka inafanya kilekile ilichokuwa inafanya mwanzo, wala mteja asingeona tofauti yoyote.

Baada ya chai anafungua faili tupu na kuanza upya, safari hii kwa mtindo wa objekti. Anaandika klasi iitwayo Chanjo. Kila chanjo inabeba ujuzi wake yenyewe: inajua dozi zake, inajua umri wake, na kutoka nje inaulizwa swali moja tu, je, mtoto huyu anastahili leo? Penta inajibu kwa kuhesabu wiki. Surua-rubela inajibu kwa miezi, 9 na 18. BCG, chanjo ya kifua kikuu, inaangalia tu kama mtoto ameshaipata. Sehemu inayoandaa ripoti inazunguka kwenye orodha ya chanjo na kuuliza swali lilelile kila moja, pasipo kujua jibu linapatikanaje. Ile 14 ya wiki imehamia ndani ya Penta na huko nje haionekani tena.

Sasa HPV inakuja upya. Fundi anaongeza faili moja, ChanjoYaHpv, yenye kanuni yake ya umri na jinsia, na anaitaja kwenye orodha. Kisha anaita Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko, imwonyeshe alichofanya. Git huonyesha mistari iliyoongezwa kwa kijani na iliyoondolewa kwa nyekundu. Hakuna mwekundu hata mmoja. Kitu kipya kimeingia na hakuna cha zamani kilichoguswa. Nilijikuta nimeinamia skrini kuhakikisha.

Mtindo huu una kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Kituo cha Kompyuta cha Norway mjini Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walikuwa wakitafuta namna ya kuigiza ndani ya kompyuta mambo kama foleni, meli na mitambo. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa lugha ya Simula, na toleo lake la 1967 ndilo lililoleta klasi na objekti kama tunavyozijua. Nygaard hakuishia kwenye lugha. Miaka ya 1970 alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norway, akishikilia kwamba mfumo wa kompyuta usitengenezwe bila wale watakaoutumia kushirikishwa. Kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, mawazo hayo yote mawili yalisafiri hadi kwenye zahanati za kwetu, na nitayarudia.

Objekti zinapatwa na shida fundi anapogusa herufi V. Tuseme kiongozi wa afya anataka kujua ni watoto wangapi walianza Penta na hawakumaliza. Hesabu yenyewe ni nyepesi: unachukua waliopata dozi ya kwanza, unaondoa waliopata ya tatu, unagawa kwa wa kwanza. Kwenye daftari la mazoezi walioanza ni 40 na waliomaliza ni 34, kwa hiyo walioacha njiani ni asilimia 15. Lakini swali hili jipya linapaswa kujibiwa na kila chanjo, na ujuzi wa kila chanjo umefungiwa ndani ya klasi yake. Fundi anafungua faili baada ya faili kuongeza jibu. BCG hutolewa mara moja, mtu hawezi kuiacha njiani, hata hivyo nayo inalazimika kujibu. Anaandika kwamba jibu ni "haihusiki", anakunja uso, anahifadhi. Git safari hii inaonyesha faili nyingi zimeguswa kwa ajili ya swali moja.

"Mmeona?" anasema. Haongezi neno.

Mara ya tatu anaandika kwa mtindo wa funksheni, ambao chimbuko lake liko kwenye Lisp, lugha aliyoibuni John McCarthy mwaka 1958, kabla hata ya Simula. Hapa anaanza na kubadilisha namna ya kuitazama data. Hakuna tena mtoto ambaye hali yake inabadilika. Kuna matukio: mtoto fulani, chanjo fulani, dozi ya ngapi, tarehe, kijiji. Tukio likishaandikwa haliguswi. Kama kuna kosa, linaandikwa tukio jingine la kusahihisha, sawa na mazoea ya wauguzi kwenye daftari la karatasi, ambapo kosa hupigwa mstari mmoja likabaki linasomeka.

Juu ya orodha hiyo ya matukio anaweka funksheni ndogo. Moja inachuja. Moja inapanga kwa makundi. Moja inajumlisha. Kila moja inapokea orodha na kutoa orodha mpya, na ile ya mwanzo inabaki kama ilivyokuwa. Anaziunganisha: chuja Penta, panga kwa dozi, jumlisha. Ripoti ya mwezi inapatikana. Swali la walioacha njiani linakuwa funksheni ya mistari mitano, na Git inaonyesha kijani kitupu. Swali la pili, watoto waliochelewa zaidi ya wiki 4, linakuwa mistari sita. Kijana aliyeshindwa asubuhi anaandika la tatu mwenyewe na linapita. Kwa muda mfupi chumba kizima kinaamini mshindi amepatikana.

Fundi anairudisha HPV. Kanuni yake inadai jinsia, na inahesabu miaka badala ya wiki, kwa hiyo kila funksheni inayouliza juu ya ratiba lazima ifunguliwe ifundishwe aina hii mpya. Nyekundu zinarudi.

Hapo ndipo anapochora. Anachukua rula, anapiga jedwali: mistari ni aina za chanjo, safu ni maswali yanayoulizwa. Mtindo wa objekti, anaeleza, unalikata jedwali kwa mistari. Kuongeza mstari ni rahisi, kuongeza safu kunakulazimisha upite kila mstari. Mtindo wa funksheni unalikata kwa safu, kwa hiyo urahisi na ugumu vinabadilishana nafasi. Mwaka 1998 Philip Wadler, mmoja wa magwiji wa lugha za funksheni, aliueleza mtego huu na kuupa jina, na tangu hapo wabunifu wa lugha wamekuwa wakitafuta njia ya kuukwepa. Njia zipo, nyingine za werevu sana, ila kila moja inatoza gharama yake. Nilichokipenda kwa fundi ni kwamba hakuliweka jedwali hili mwanzoni. Amewaacha vijana waumie kwenye pande zote mbili kwanza.

Anarudi kwenye fomu ya asubuhi na kuhesabu herufi. W ni nyingi, V ni chache, M ni moja. Kwa haraka mtu angesema basi objekti zimeshinda, maana W ndiyo mistari. Yeye anauliza swali jingine: W hizi zinapobadilika, huwa kinabadilika nini? Anazipitia. Penta iliingia mwaka 2009 ikichukua nafasi ya chanjo iliyokuwa na kinga chache zaidi. Nimonia na rota ziliingia mwanzoni mwa 2013. HPV 2018, kisha masharti mapya 2024. Katika nyingi kilichobadilika ni jina, idadi ya dozi, umri, na tarehe ya kuanza. Namna ya kufikiri haikubadilika. Kwa hiyo klasi nane alizoandika zilikuwa kwa sehemu kubwa kitu kimoja kilichovaa namba tofauti.

Anaanza kufuta. Hii ndiyo sehemu niliyotamani kila mwanafunzi wa fani hii aione. Klasi alizozijenga kwa uangalifu zinaondoka moja baada ya nyingine, na mahali pake panakuja faili la jedwali lenye safu za jina, dozi, umri wa chini, umri wa juu, kipimo cha umri, jinsia, tangu lini, hadi lini. Programu inalisoma jedwali na kufuata. Ile 14 ya wiki na ile ya miaka sasa zimekaa kwenye safu moja, na jirani ya kila moja kuna neno: wiki, miaka. HPV ina mistari miwili, wa zamani ukiishia 2024 na mpya ukianzia hapo, ili msichana aliyechanjwa mwaka 2019 ahesabiwe kwa kanuni ya wakati wake.

Nadharia ya kitendo hiki ina umri wa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1972 David Parnas aliandika makala akionyesha njia mbili za kuigawa programu moja ndogo. Ya kwanza iliigawa kwa hatua za kazi, kama wengi walivyofanya. Ya pili iliuliza ni maamuzi gani yanaelekea kubadilika, ikaficha kila uamuzi mahali pake. Zote mbili zilifanya kazi, lakini mabadiliko yaliyogusa sehemu nyingi katika ya kwanza yaligusa sehemu moja katika ya pili. Wengi waliomsoma Parnas walichukua sehemu ya kuficha. Sehemu ya kuuliza, ile ya kukaa na fomu na kalamu nyekundu kabla ya kufungua kompyuta, haipati wafuasi wengi kwa kuwa haionekani kama kazi.

Na njia ya jedwali ndiyo iliyofuatwa na mfumo ambao ripoti za kweli za afya za nchi hii hupitia. Mradi wa HISP, wa mifumo ya taarifa za afya, ulianza Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990, baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi, kwa ushirikiano na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo waliolelewa katika mila ya Nygaard ya kumshirikisha mtumiaji. Toleo la kwanza la programu yake liliandikwa juu ya Microsoft Access. La pili, DHIS2, ambalo ndilo mfumo huo wa ripoti, liliandikwa upya kwa Java, lugha ya objekti iliyorithi klasi kutoka Simula. Kenya iliutandaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishiriki, ikafikia hapo mwaka 2013. Ndani yake hakuna klasi iitwayo Penta wala iitwayo Malaria. Kila namba inahifadhiwa kwa kujibu mambo matatu: ni nini, ni wapi, ni lini. Wizara ikitaka kupima kitu kipya, mtu mwenye ruhusa anakisajili kwenye skrini, na Java haiguswi. Ndiyo maana programu ileile inatumika kwenye nchi nyingi ambazo fomu zake hazifanani hata kidogo.

Nina shaka yangu na njia hii, na fundi anayo pia. Jedwali likishapewa uwezo mwingi linageuka kuwa programu isiyo na majaribio. Anayeandika 41 badala ya 14 kwenye msimbo ana nafasi ya kukamatwa. Anayeiandika kwenye jedwali anaweza kuharibu ripoti ya mkoa mzima na taa zote zikabaki kijani. Fundi anajibu shaka hiyo kwa kazi. Anaandika funksheni inayolikagua jedwali kabla programu haijaanza: umri wa juu usiwe mdogo kuliko wa chini, kila umri uwe na kipimo, vipindi viwili vya chanjo moja visiingiliane. Kila kosa linatajwa kwa namba ya mstari na kwa Kiswahili cha kawaida.

Ile herufi M moja ameiacha mwisho, na ndiyo iliyomchukua muda mrefu kuliko zote. Kwenye fomu imeandikwa Wilaya. Mwanafunzi angeandika neno Kilosa ndani ya kila rekodi akaendelea. Lakini mwaka 2012 Gairo ilimegwa kutoka Kilosa ikawa wilaya. Chakwale, Rubeho, Nongwe na Iyogwe, ambazo miaka yote zilihesabiwa Kilosa, zikahamia upande wa pili bila kusogea hata hatua. Ukilinganisha jumla ya Kilosa ya 2011 na ya 2013 kwa macho makavu, utadhani watoto maelfu wameacha kuletwa kliniki. Ukiwahamisha wote Gairo kwa mpigo, ripoti za zamani zilizokwisha kusainiwa hazitalingana tena na kompyuta.

Fundi anaiondoa wilaya kwenye rekodi ya chanjo. Tukio linabaki na kijiji tu. Pembeni anaweka jedwali la uhusiano lenye kijiji, wilaya, tangu na hadi, na funksheni moja, wilaya_ya(kijiji, tarehe). Ukiiuliza Iyogwe kwa tarehe ya 2011 inajibu Kilosa, ukiiuliza kwa ya 2013 inajibu Gairo. Kisha anaandika aina mbili za jumla. Ya kwanza inatumia mipaka ya siku ile, ili ripoti ya zamani itoke ilivyotoka. Ya pili inatumia mipaka ya leo kwa miaka yote, ili anayelinganisha alinganishe eneo lilelile. Anazipa majina marefu, jumla_kwa_mipaka_ya_wakati_huo na jumla_kwa_mipaka_ya_leo. Kijana anacheka urefu wake. Fundi anamwambia jina fupi litamfanya mtu achague bila kufikiri.

Jua limeshuka na programu imekuwa mchanganyiko ambao shabiki wa mtindo wowote angeukosoa. Matukio na maswali ni funksheni. Ratiba ni jedwali. Klasi imebaki moja, ya chanjo ya pepopunda kwa wajawazito, kwa sababu kanuni yake inategemea dozi za mimba zilizopita na inakataa kukaa kwenye safu. Sehemu ya kuchapa ripoti ni ya mtindo wa hatua, ileile ya asubuhi, haikuguswa. Nilimuuliza kwa nini asiinyooshe ifanane na wenzake. Akasema visanduku vile havikupata herufi.

Kijana wa pili, aliyekuwa kimya karibu siku nzima, anapewa zamu ya mwisho: aongeze IPV, chanjo ya sindano ya polio iliyoingizwa kwenye ratiba mwaka 2018. Anaandika mstari mmoja kwenye jedwali na kuendesha. Programu inagoma: mstari wa 9, umri 14 hauna kipimo, ni wiki au miaka? Anaandika wiki. Majaribio yanapita yote na anageuka kuangalia nyuma, anatabasamu. Fundi hatabasamu bado. Anasogea, anaweka kidole kwenye safu ya tangu, ambayo kijana ameiacha wazi na mkaguzi hakuiona. Kwa jedwali lilivyo, watoto wote wa daftari la 2011 wanahesabika kuwa wamekosa chanjo ambayo haikuwa imefika nchini. Hamsahihishi. Anavuta kibodi, anaandika jaribio jipya linalodai kila chanjo iwe na tarehe ya kuanza, analiendesha, linageuka jekundu kama alivyotaka, kisha anamrudishia kijana kiti.